Hodi Inapopigwa kwa Mtoto, Nani Aitikie?

Mpwa wangu ana miaka 11. Anaishi na mama yake kwenye moja ya zile barabara za namba pale Ngamiani, Tanga, nyumba ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Jumamosi moja jioni nilimkuta barazani ameinamia simu ya mama yake, anafungua akaunti ya gemu. Ukurasa ulikuwa umemuuliza tarehe ya kuzaliwa, na kidole chake kinaisukuma miaka kurudi nyuma, harakaharaka: 2010, 2004, 1998, mpaka kikatua 1989. Nikamuuliza mbona unazeeka ghafla. Akashtuka, akaniamkia, kisha akanieleza kwa upole kama anayemwelekeza mgeni njia: "Mjomba, ukiweka mwaka wako inakukatalia. Unaweka wa mama."

Hakuwa na aibu yoyote. Kwake ule haukuwa uongo, ni jinsi mlango ule unavyofunguliwa. Nikakaa pale barazani nikiwaza kwamba sheria kubwa kabisa za kulinda taarifa za watoto mtandaoni zimeegemea swali hilohilo alilolivuka mtoto kwa sekunde tatu.

Swali lenyewe lina asili yake. Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, inayojulikana kwa kifupi kama COPPA, ikaanza kutumika Aprili 2000. Inasema tovuti inayowalenga watoto, au inayojua kwa hakika kwamba mtumiaji wake hajafikisha miaka 13, isichukue taarifa zake mpaka mzazi aridhie, na ridhaa hiyo ithibitishwe. Mwaka 2013 kanuni zake zilipanuliwa zikaingiza picha na sauti ya mtoto, mahali alipo, na zile alama zinazoitambua simu yake kutoka tovuti hii hadi ile. Kwa kuwa kampuni nyingi kubwa zina makao huko, namba 13 imetufikia mpaka Ngamiani bila mtu wa Ngamiani kuulizwa. Ulaya, kwa kanuni zao zilizoanza 2018, wameweka 16 na kuruhusu kila nchi ishushe, ila isipungue 13.

Na sisi tuna yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na za afya, zinazohitaji ridhaa ya maandishi kabla ya mtu kuzigusa. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Hapo pana pengo ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Dada wa huyu mpwa wangu ana miaka 14. Mbele ya kampuni ya gemu, sheria ile ya 13 haimhusu tena. Mbele ya sheria za nchi yake bado ni mtoto, na ataendelea kuwa mtoto kwa miaka minne mbele.

Wanaozitetea sheria hizi wana hoja nzito, na mimi niko nao kwa sehemu kubwa. Zimeng'ata. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza tuhuma za kukusanya taarifa za watoto waliokuwa wakitazama video bila wazazi kujua, na kuanzia Januari 2020 video za watoto zikaondolewa matangazo yanayomfuata mtu kwa tabia zake. Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, walitozwa dola milioni 275 mwaka 2022 kwa tuhuma za kuvunja sheria hiyohiyo. Mwaka uliofuata Ireland ikaitoza TikTok euro milioni 345 kwa jinsi ilivyoshughulikia akaunti za watoto. Anayesema sheria haziwezi kuwagusa wakubwa hao hasemi kweli.

Na hatari si ya kufikirika. Mwaka 2015 kampuni ya VTech, inayouza vifaa vya kujifunzia vya watoto, iliingiliwa, na taarifa za watoto zaidi ya milioni 6 zikachukuliwa: majina, jinsia, tarehe za kuzaliwa. Wazazi wale walikuwa wamenunua kifaa cha kufundisha herufi. Mtu mzima akiibiwa neno la siri atabadilisha. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi, na mtoto wa miaka mitano ataishi na wizi huo maisha yake yote.

Sasa upande wa pili, maana nao una watu wenye akili timamu.

Kuna wanaouliza nani atalipa. Gemu ya bure si ya bure, inalipiwa na matangazo, na tangazo linalomjua mtu huuzwa bei ya juu. Baada ya mabadiliko yale ya 2020 watengenezaji wadogo wa video za watoto walilalamika kwamba kipato kimeporomoka, na siwezi kuwaambia wamekosea. Kijana wa Makorora hapa Tanga anayetaka kutengeneza hadithi za Kiswahili kwa watoto ataumia mapema kuliko kampuni yenye mawakili jengo zima. Hoja hii naikubali kwa uzito wake, ingawa haitoshi kunibadilisha: tangazo linaweza kuwekwa kwa sababu ya kilichomo kwenye video, kama zamani redioni, bila kumchunguza anayetazama. Linalipa kidogo. Basi lilipe kidogo.

Hoja yao kali zaidi ni ya kuthibitisha umri. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba anayesema ana miaka 36 kweli anayo, utamwomba kitambulisho au picha ya uso. Yaani ili kumlinda mtoto unakusanya taarifa zaidi, za wakubwa na wadogo pamoja. Oktoba 2025 Discord, mtandao wa kuchati unaopendwa na wacheza gemu, walitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zimeonekana na wavamizi, kupitia kampuni iliyokuwa ikiwasaidia kuhudumia wateja. Picha hizo zilikuwa zimetumwa na watu waliotakiwa kuthibitisha umri wao. Kila ninapoona mtu anapendekeza vitambulisho kwa kila mlango wa intaneti, nalikumbuka tukio hilo.

Halafu kuna msichana wa miaka 12 anayetaka kusoma kuhusu hedhi yake na haoni wa kumuuliza nyumbani. Akidaiwa ridhaa ya mzazi kwanza, atafunga ukurasa. Ataenda kumuuliza mwenzie asiyejua zaidi yake.

Lakini pingamizi ninalolisikia hapa kwetu halitoki kwa wanasheria wala wenye kampuni. Linatoka barazani. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, jirani yetu tangu nikiwa mdogo, aliniambia: "Mwanangu, mtoto ana siri gani? Mtaa mzima unajua analala wapi, anasoma wapi, na juzi alichapwa kwa nini." Na ni kweli. Mimi mwenyewe nilikulia katika kujuliwa huko. Nikionekana ufukweni Raskazone saa za shule, habari ilifika nyumbani kabla yangu. Kujuliwa kulikuwa ndiyo ulinzi wenyewe, na ukinijia na neno faragha kama kwamba mtoto wa pwani alikuwa kisiwa, mzee yule atakucheka, na atakuwa na haki.

Nililichukua swali lake nikalala nalo, maana sikutaka kumjibu kwa maneno ya kuazima. Jibu nililolipata ni hili. Mzee yule alinijua, na mimi nilimjua. Nilijua nyumba yake, wanawe na msikiti anaoswali. Angekitumia vibaya alichokijua juu yangu, baba yangu alijua pa kubisha. Alichokijua hakikutoka nje ya mtaa, na kingi kilisahaulika nilipokua. Tovuti inamjua mpwa wangu, yeye haijui. Anachobonyeza, saa anayolala, anapokwamia kwenye gemu, vyote vinaandikwa mahali asipopaona, na watu ambao mama yake hawezi kuwapigia hodi. Hakuna anayesahau. Pwani tuna neno sitara, na sitara haina maana kwamba hakuna anayejua. Maana yake anayejua anakufunika.

Neno hodi nimelitaja kwa makusudi. Mgeni anabisha, anangoja, na wenye nyumba ndio wanaosema karibu. Akitoka mtoto mlangoni, mgeni mstaarabu humuuliza, "Mama yupo?" Sheria ya ridhaa ya mzazi imejaribu kuifanya tovuti iulize hivyo. Nia ni njema. Tatizo ni jinsi jibu linavyopatikana.

Kwa kanuni za Marekani, njia zinazokubalika za kuthibitisha ridhaa ya mzazi ni kama kusaini fomu na kuirudisha, kulipa kwa kadi ya benki, kupiga simu ya bure kwa mhudumu aliyefunzwa, kuongea kwa video, au kuonyesha kitambulisho cha serikali. Sasa mfikirie dada yangu. Anaamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua. Pesa zake ziko kwenye simu, kadi ya benki hana. Na simu yenyewe ni moja. Ujumbe wowote unaomwomba ridhaa yake, namba yoyote ya siri ya uthibitisho, inaingia kwenye simu ambayo wakati huo iko mikononi mwa mtoto. Mtoto anaisoma, anaiandika, anaendelea na gemu. Kwenye kumbukumbu za kampuni mama ameridhia. Uani, mama anaosha ndoo ya unga na hana habari.

Hata akiulizwa ana kwa ana, ataridhia nini? Kurasa za Kiingereza cha mawakili, zisizo na mahali pa kusema hiki ndiyo, hiki hapana. Dada yangu si mzembe. Ni mama anayejua shati la mwanawe limekosa kifungo kabla mwenyewe hajajua. Kumtwika yeye kazi ya kuikagua kampuni ya mabilioni, halafu taarifa zikivuja kumwambia "si uliridhia?", ni dhuluma, na sioni neno jepesi zaidi.

Tena yapo yale maneno ya sheria, "inayojua kwa hakika". Wajibu ukianza pale unapojua, faida iko katika kutojua. Mwenye tovuti anaandika chini kabisa kwamba huduma hii si ya walio chini ya miaka 13, anaweka swali la mwaka wa kuzaliwa, na anapumzika. Huku rangi, katuni na zawadi za kila siku zinamwita nani, kila mtu anaona.

Kwa hiyo msimamo wangu umehama. Zamani ningesema tuongeze ridhaa, tuwaelimishe wazazi. Elimu iendelee, lakini mzigo uhamie kwa anayechukua. Kitu ambacho watoto wanakitumia kweli, hata kama hakikutengenezwa kwa ajili yao, kichukue kile tu ambacho bila hicho hakiwezi kufanya kazi, kwa kila mtumiaji, bila kuuliza umri. Uingereza wameelekea huko kwa mwongozo wao wa usanifu unaozingatia umri, ulioanza 2020: mipangilio ianze ikiwa imefungwa, mahali alipo mtoto pazimwe, na uhuru wa kufungua ubaki kwa mtumiaji. Hili linapunguza hata ule mgogoro wa vitambulisho. Kisichochukuliwa hakina haja ya ridhaa, na hakiibiwi.

Najua gharama yake. Huduma nyingine zitakuwa mbovu kidogo, nyingine zitatoza pesa, na dada yangu hana pesa ya gemu. Hilo linanisumbua na sijalimaliza.

Ila nina sababu ya kuamini kwamba kingi kinachochukuliwa hakina hata mwenye kukihitaji. Mwaka jana mpwa wangu alijisajili kwenye tovuti ya mitihani ya miaka iliyopita, ya watu wa hapahapa mkoani. Fomu ilitaka jina kamili, shule, darasa, mtaa, namba ya mzazi na picha. Akapiga picha akiwa na sare, nembo ya shule kifuani, akaituma. Baada ya wiki mama yake akaanza kupigiwa simu za kuuziwa vitabu. Nilimtafuta mwenye tovuti, kijana mstaarabu kabisa, nikamuuliza picha za watoto anazifanyia nini.

Akanyamaza kidogo. "Kaka, ile fomu nilinunua templeti, ilikuja hivyohivyo. Hizo picha hata sijawahi kuzifungua."

Tuliongea karibu saa nzima. Siku ile ile akaondoa kisanduku cha picha, cha shule na cha mtaa, na tovuti ikaendelea kufanya kazi kama jana yake. Namba ya mzazi alikataa kuiondoa, kwa sababu ndiyo inayomletea wanunuzi, na kwenye hilo hatukuelewana mpaka tukaagana. Picha za zamani alisema atazifuta akipata nafasi. Nimempigia mara mbili tangu hapo, na ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Bado ziko kwenye seva.