Kung'ang'ania Access ya zamani sio ushamba

Maduka ya spea Gerezani, ofisi za Saccos Temeke, hapa Dar, hukosi kukuta kompyuta moja kuukuu inayotumia Access 2003 au hata 97, yaani ile programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali (database), na kijana wa IT akiitwa neno lake la kwanza ni "hii imepitwa na wakati, tupige Windows mpya na Ofisi mpya". Mwenye mashine akigoma anaitwa mshamba. Mi naona wanaonewa hawa watu.

Ilipokuja Access 2007 menyu zote zikaondoka ikaletwa ribboni, ule mstari mpana wa vitufe juu ya skrini, watu walilalamika sana ila hilo unazoea tu. La accdb, aina mpya ya faili iliyochukua nafasi ya mdb ya zamani, ndo lilikuwa zito, kwasababu faili jipya halikubeba ile security ya kumpa kila mtu jina lake na mamlaka yake. Kwa Saccos maana yake karani aliyeruhusiwa kuingiza marejesho tu, asiguse jedwali la mikopo, ukishahamia accdb hicho kizuizi hakipo mpaka fundi akitengeneze upya kwa kuandika code za programu, na huyo fundi analipwa na nani?

Halafu 2013. Access 2013 haifungui kabisa faili la Access 97, inalikataa. Inabidi utafute mashine yenye 2010, 2007 au 2003, ulibadilishe huko kwanza ndo ulirudishe. Sasa mwenye duka aliyetengenezewa database mwaka 1998, yule fundi alishahama mji, hiyo 2010 anaitoa wapi leo? Anaanza kuuliza duka kwa duka nani ana laptop ya zamani, huku wateja wanaodaiwa wamo humo ndani na yeye hawaoni. Daftari la mwaka huohuo angelitoa kabatini akasoma. Na deni ni la kwake, stoku ni ya kwake, lakini ruhusa ya kuviona iko kwa aliyeuza programu, hapa ndo mi nashindwa kuelewa kosa la mgomaji liko wapi.

Na waliokubali kwenda na wakati je? 2013 hiyohiyo ilileta web apps mpya, yaani database za kutumia kupitia mtandao, waliozifuata wakatangaziwa 2017 kwamba zinafungwa, Aprili 2018 zikazimwa. Mshamba wa 2003 alikuwa bado anaprinti ripoti zake.

Vijana wa IT nao wana hoja, tusiwabeze. Office 2003 pamoja na Windows XP ziliachwa bila viraka vya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014, na kwa hizi flashi zetu zinazozunguka mashine kumi kwa siku hiyo ni hatari ya kweli. Ile security ya zamani nayo ilikuwa inavunjwa na viprogramu vya bei chee. Tena mdb za 2000 mpaka 2003 Access za sasa bado zinazifungua, kwahiyo sio kwamba Microsoft imetupa kila kitu.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizo linalomjibu mwenye faili la 97. Huyo atoe kwanza nakala mbili za faili lake, alibadilishe kwa 2010 kabla haijapotea mtaani, aikague fomu moja moja na ripoti moja moja, ndo aongelee Windows mpya. Na wewe fundi, ukikuta mashine ya mteja ina 2010, muulize kwanza kabla hujaifomati.