Babu Kasimama Mbele ya Shoo

Kijana wa studio kanitibua asubuhi asubuhi. Nimempelekea picha ya babu aikuze, kapigwa hapa hapa Tanga miaka ya sitini na gari nyuma yake, naye ananiuliza, "Mzee, hii ni Probox ya zamani?" Probox! Hajui Ford Anglia, ile ya 1959 yenye kioo cha nyuma kilicholalia ndani. Hajui Morris Minor, gari ambalo mbunifu wake alilipasua katikati akaliongeza inchi nne, boneti ikabaki na ule ukanda. Mtu mzima hagombani na watoto. Nikachukua picha yangu, nikapita kwa mjomba nipate neno la wakubwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lete." Akavaa miwani. "Austin Cambridge hiyo."

Baba mkubwa akaacha bao. "Morris Oxford."

"Austin!"

"Mimi nimeosha Morris ujanani, unanifundisha wewe?"

Na hapo ndipo Waingereza waliponiweza. Mwishoni mwa 1958 na mwaka 1959, British Motor Corporation walichukua bodi moja, mchoro wa Pinin Farina wa Italia, mapezi nyuma, injini ya cc 1489, wakaipa majina matano: Austin, Morris, Wolseley, Riley, MG. Pa kuyatambulia hasa ni kwenye shoo, ile sura ya mbele ya gari. Sasa babu, Mungu amrehemu, kasimama wapi? Mbele ya shoo. Tena kwa kanzu, na siku hiyo upepo wa bahari ukaijaza yote!

"Ingekuwa Wolseley," anasema mjomba, "nembo ingewaka."

"Mpaka uwashe taa," anasema baba mkubwa. "Nani awashe taa saa sita mchana?"

Wakageuza picha kichwa chini. Wakaitazama mgongoni. Mjomba akataka kuikwangua kanzu kwa ukucha, nikapiga kelele bila adabu yoyote. Kahawa ikamwagikia zulia, jirani akaja kuamua ugomvi, akasema ni Cortina, wakamfukuza wote wawili. Cortina imetoka 1962, taa zake za nyuma za duara anazijua hata kipofu!

Shangazi akachungulia kutoka jikoni. "Mnabishania gari la meneja wa mkonge? Baba aliegemea tu."

Kimya. Halafu mjomba akasema, "Sawa, meneja. Lakini Austin."

Jamani! Mimi sijanywa chai, na sasa wanataka tupande boda mpaka Pongwe, kuna mkweche wa aina hiyo uani kwa mtu, kuku wanatagia humo, wakaulinganishe na picha. Nauli nilipe mimi, mwenye picha. Boda naye anadai mafuta yamepanda. Nikamuuliza yamepanda lini, maana jana jioni alinibeba kwa bei ile ile. Anasema, "Jana ulikuwa peke yako, mzee, leo una wazee wawili na wanabishana."