Tembo Aliyeibwa Mara Mbili

Miongoni mwetu tuliolelewa na vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya Ngarenaro na Kaloleni hapa Arusha, sehemu ya pili ya picha ya mateke hupokewa kwa mashaka hata kabla haijawekwa kwenye deki. Kila mtu ana maelezo yake: fedha zimeharibu kazi, steringi, yaani mhusika mkuu, amezeeka, kompyuta imechukua nafasi ya jasho. Yote hayo yana ukweli wa kiasi fulani, lakini siamini kwamba ndiyo hasa yanayotuvunja moyo. Naona sehemu ya pili hurithi jina, hurithi mateke, na mara nyingine humrithi hata mpiganaji mwenyewe, ila ile sababu iliyomtoa mtu nyumbani kwake kwenda kupigana huachwa katika filamu ya kwanza.

Chukua Ong-Bak ya mwaka 2003, iliyomtambulisha Tony Jaa kwa ulimwengu. Watu humkumbuka akipenya katikati ya mviringo wa seng'enge, akikimbia juu ya mabega ya watu na kupiga mateke huku miguu yake inawaka moto. Filamu hiyo ilijigamba kwamba haikutumia waya za kuwaninginiza waigizaji, kompyuta wala mtu wa kuigiza hatari badala ya steringi, na mwongozaji wake, Prachya Pinkaew, alirudia kuonyesha mruko uleule kutoka pembe tofauti ili mtazamaji ajue kwamba hakudanganywa. Hata hivyo, ukiiondoa hadithi yake nyepesi, mateke hayo yanabaki kuwa maonyesho ya sarakasi. Kichwa cha sanamu ya Buddha kimekatwa na kuibwa katika kijiji maskini, na wanakijiji wanachanga vijisenti vyao na vitu vyao vya thamani ili kijana mmoja apate kwenda Bangkok kukitafuta. Yeyote aliyewahi kuona ukoo ukichangishana nauli ya kijana wake anayepanda basi kwenda mjini hahitaji kueleweshwa uzito wa safari ile. Kijana mwenyewe amekatazwa na mwalimu wake kuutumia ujuzi wake ovyo, kwa hiyo kwa muda mrefu anakwepa ugomvi, na anapojikuta ulingoni kwa mara ya kwanza pigano linakwisha kwa pigo moja la goti. Kibanda kizima huinuka kwa goti hilo kwa sababu tulilisubiri.

Mwaka 2008 ikaja Ong Bak 2, ambayo Jaa aliiongoza mwenyewe pamoja na Panna Rittikrai, mwalimu aliyemlea katika kazi hiyo. Wakati umerudishwa karne kadhaa nyuma, enzi za ufalme wa Ayutthaya, na steringi sasa ni mtoto wa mtawala aliyeuawa, aliyekuzwa na maharamia na anayetaka kulipiza kisasi. Kijiji kile hakipo, na kichwa cha sanamu hakitafutwi na mtu. Utengenezaji wake ulikwama baada ya Jaa kuondoka eneo la kazi kwa wiki kadhaa, na filamu ilipotoka ilikatika ghafla wakati steringi amezingirwa na maadui, tukaambiwa tungoje sehemu ya tatu. Kwa haki kabisa, nakiri kwamba mapigano yake ni ya ufundi mkubwa, pengine mkubwa kuliko wa filamu ya kwanza: panga, rungu la vipande vitatu, mtindo wa kilevi, na mtu anayepigana akiwa juu ya mgongo wa tembo. Lakini kisasi cha mwana wa mtawala tumekwisha kukiona katika mikanda isiyo na idadi kutoka Hong Kong, na ustadi ule wote unamwagika bila chombo cha kuupokea. Sehemu ya tatu ya mwaka 2010 inamvunja steringi mifupa, inamfufua, inamfundisha kutafakari na kucheza ngoma, na kufikia hapo wengi tulikuwa tumeshatoka nje kununua kashata.

Mfano unaonichekesha zaidi, na kuniudhi pia, ni wa mateka wenyewe kurudiwa. Katika Tom-Yum-Goong ya mwaka 2005, Jaa ni kijana aliyelelewa pamoja na tembo wa familia yake, na tembo hao wanapoibwa na kupelekwa Sydney anawafuata hadi huko. Ndani ya filamu hiyo kuna pigano la kupanda ngazi za mgahawa lililopigwa picha kwa karibu dakika nne bila kukatwa, ambapo unamwona mpiganaji akichoka kweli na kuhema kweli kadiri anavyokaribia juu. Kisha mwaka 2013 ikatoka sehemu ya pili, kazi ya mwongozaji yuleyule, mpangaji wa mapigano yuleyule na steringi yuleyule, na tembo yule mdogo akaibwa tena. Mtazamaji mwenye heshima zake analazimika kujiuliza kwa nini mwenye tembo hakujenga zizi. Safari hii kuna moto wa kompyuta, kuna picha za kuruka usoni kwa wenye miwani maalumu, na kuna msafara mrefu wa pikipiki juu ya mapaa, ambao haufikii hata theluthi ya zile ngazi. Wengi huilaumu kompyuta. Mimi naanza kulaumu mapema zaidi, pale walipodhani kwamba sababu ya kupigana inaweza kutumika mara mbili kama tiketi ambayo kondakta hakuichana.

Watafsiri wetu wa vibandani walilijua jambo hili kabla ya wahakiki. Mtu aliyekuwa akitafsiri picha kwa Kiswahili juu ya sauti ya Kichina au ya Kithai hakuwa akifuata maneno. Alikuwa akitupatia sababu. Alitueleza kwamba huyu mzee aliuza shamba, kwamba yule binti ni mchumba wa kaka, kwamba adui huyu ndiye aliyemdhulumu baba, na mara nyingi alikuwa ameyabuni mwenyewe. Picha ikiwa sehemu ya pili iliyokosa kichwa na miguu, utamsikia anaanza kuzungumzia mpira au kumtania aliyekaa mbele, kwa maana hata uongo unahitaji mahali pa kuegemea.

Kwa Kickboxer 2 ya mwaka 1991 sihitaji maneno mengi. Sheria ya kibandani inasema steringi hafi, na Kurt Sloane, ambaye Van Damme alimwigiza mwaka 1989 akimlipizia kisasi kaka yake dhidi ya Tong Po, anauawa na Tong Po huyohuyo ili ndugu wa tatu, ambaye hatukuwahi kuambiwa kwamba yupo, apate kazi ya kufanya. Tuliyemshangilia hadi sauti zikakauka alishinda bure.

Najua nitapingwa kwa kutajiwa Crouching Tiger, Hidden Dragon, kwa kuwa ni filamu ya waya tangu mwanzo hadi mwisho na bado ilipendwa duniani kote na kupata tuzo nne za Oscar. Pingamizi hilo linanisaidia. Katika filamu ile ya Ang Lee ya mwaka 2000, Li Mu Bai na Yu Shu Lien wanapendana miaka nenda rudi bila kutamka, kwa sababu mchumba wa mwanamke huyo, aliyekuwa ndugu wa kiapo wa Li Mu Bai, aliuawa, na heshima kwa marehemu inawafunga midomo. Kila wanaporuka juu ya mapaa unaliona lile wasiloweza kulisema. Sehemu ya pili ya mwaka 2016 ilikabidhiwa Yuen Woo-ping, yaani mtu yuleyule aliyepanga mapigano ya kwanza, na Michelle Yeoh akarudi. Ila sasa wahusika wanazungumza Kiingereza, sehemu kubwa ya picha ilipigwa New Zealand, na Donnie Yen anaingia akiwa ndiye yule mchumba, ambaye kumbe hakufa. Sijui kama kuna namna ya kikatili zaidi ya kumtendea mtazamaji. Walimfufua marehemu mmoja na kuzika ukimya wa miaka yote iliyotangulia.

Inawezekana kufanya vizuri. Drunken Master II ya mwaka 1994 ilitoka miaka 16 baada ya ile ya kwanza, na Jackie Chan alikuwa anakaribia umri wa miaka 40, lakini pombe iliyokuwa mzaha wa mafunzo mwaka 1978 sasa ni ugomvi kati ya mtoto na baba aliyemkataza kuigusa. Haidhuru kwamba baba huyo, Ti Lung, anamzidi Jackie miaka minane tu. Juu ya hayo kuna urithi wa kale wa China unaotoroshwa, na pale mwishoni anapotambaa juu ya makaa yenye moto, ambayo hayakuwa ya kuigiza, anajua anachokitetea.

Naye Tony Jaa aliipata sehemu ya pili inayomfaa mwaka 2015, tena katika mfululizo usiokuwa wake. SPL 2 imechukua jina la filamu ya Hong Kong ya mwaka 2005 na kuacha karibu kila kitu kingine. Donnie Yen hayumo, na Wu Jing, aliyekuwa muuaji katika ile ya kwanza, sasa ni askari mpelelezi aliyefungwa gerezani Thailand. Jaa ni askari magereza ambaye binti yake ana saratani ya damu, na mtu pekee anayeweza kumpa uloto wa mifupa wa kumponya ni mfungwa huyo anayetakiwa kuuawa. Anayeitaka aichukue hivyohivyo kwa wanaotuwekea picha kwenye flashi pale mjini, wala asihangaike kuitafuta ile ya kwanza.