Sikulamba kompyuta, nilikuwa napima gesi

Ile video inayonionyesha mimi, fundi wa kompyuta, ulimi umenasa kwenye chombo cha mteja, ni ya sekunde 19. Yaliyotangulia yalichukua siku mbili, na hayo hamkuonyeshwa. Kwa hivyo nyinyi mlionibatiza Mlamba Kompyuta kwenye grupu ya mtaa, ketini kwanza. Naandika kwa sababu kuongea bado ni kazi.

Chombo chenyewe mnakijua, kile kilichokaa kwenye kaunta yangu hapa Kondele, Kisumu, tangu Jumatatu na kila anayepita anauliza, "Hiyo ni friji?" Ni friji, ndiyo, ila haina mlango wala mahali pa kuweka maziwa. Ndani kuna kompresa inayosukuma gesi, nyuma yake kondensa inayotoa joto nje, na feni, halafu mpira mnene unaotokea ubavuni kama mkonga wa tembo. Mwisho wa mkonga kuna kichwa cha shaba kinachokalia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ili kuipoza. Gesi hugeuka maji kwenye kondensa, hupenya kwenye kibomba chembamba, ikifika kwenye shaba inachemka, na katika kuchemka inanyonya joto lote la prosesa. Kibandiko kinasema R404A. Gesi hiyo ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 46 chini ya sifuri. Ishikeni namba hiyo. Mimi niliisoma, nikaisahau.

Mwenyewe ni kijana aliyerudi nacho kutoka ng'ambo, mmoja wa wale wanaotaka kompyuta ikimbie kuliko ilivyoumbwa. Lalamiko lake lilikuwa moja: kompresa inanguruma lakini kompyuta haiwaki. Na haiwezi kuwaka, kwa sababu kuna kidude cha kudhibiti kinachoizuia mpaka shaba iwe baridi ya kutosha. Kidude hicho kina kioo kidogo cha kuonyesha nyuzi joto. Niliwasha, kikasema 27. Nikangoja dakika 10, 27. Nikaenda kununua samosa, nikarudi, 28.

Mtu mwenye akili hapo angegusa. Lakini ya nini kugusa, na namba ninayo mbele ya macho? Halafu shaba ilikuwa imefunikwa sponji nyeusi pande zote, maana hewa yetu hii ya ziwa ikikutana na kitu baridi, maji yanatiririka hadi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Sikutaka kusumbua sponji. Nikakata shauri kwamba gesi imetoka. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio nikisubiri Bubujiko la Ushahidi. Hakuna hata povu moja lililotikisika. Fundi mwingine angesema basi haivuji. Mimi nilisema inavuja pale ambapo sabuni haifiki.

Ndipo nikamwita mzee wa mafriji, yule anayetengeneza freeza za wauza samaki, wale mbuta wa ziwani, kule Dunga, aje aongeze gesi. Kuongeza tu, sikumwita kufikiri.

Mzee akaja na begi lake, asilifungue. Akaweka kiganja kwenye kondensa, akakiacha pale kama anapima homa ya mtoto.

"Kijana, hii inafanya kazi."

"Mzee, inasoma 27."

"Hapa pana moto. Kama gesi imeisha, huu moto umetoka wapi?"

Swali zuri. Nakiri leo kwamba ni swali zuri sana. Lakini dukani kulikuwa na watu: vijana wawili wanaocheza mpira wa kwenye kompyuta kwa kulipia saa, mama wa chai aliyekuja kudai vikombe vyake, na yule rafiki yangu ambaye hana kazi ila ana bando. Siwezi kufundishwa kompyuta na mtu wa freeza mbele ya wateja. Nikasema, "Mzee, kompyuta si mbuta."

Akasema, "Haya."

Mkisikia mzee wa Kisumu amesema "haya" kwa sauti hiyo, wekeni vifaa chini mwende nyumbani. Mimi nilishika mkonga nikang'oa sponji.

Sasa twende polepole.

Shaba ilikuwa kavu, inang'aa, imetulia kama sarafu mpya. Haikuwa na barafu, kwa sababu sponji ilikuwa imezuia hewa. Nikamwonyesha mzee: "Unaona baridi hapa?" Mikono yangu ilikuwa na sabuni na ile dawa nyeupe ya prosesa, nikaona nikishika nitaichafua. Na tangu utotoni, betri ya redio ile ya volti 9 naipima kwa ulimi. Ni mazoea. Mkono ulileta, mdomo ukafunguka, wala akili haikuitwa kwenye kikao hicho.

Sekunde ya kwanza sikuhisi baridi. Nilihisi kushikwa. Kama umesalimiana na mtu, ukataka kuondoa mkono wako, naye bado ana habari za kukupa.

Sekunde ya pili nilirudisha kichwa nyuma, na shaba ikaja nami.

Sekunde ya tatu ndipo baridi ilipofika, na haikufika kama baridi, ilifika kama pilipili. Shaba hupitisha joto karibu mara 5 kuliko chuma, kwa hiyo mate yangu yaligeuka gundi kabla sijamaliza kujuta. Macho yangu yalikuwa yameelekea puani, naona vizuri kabisa jinsi ukungu mweupe unavyoota kwenye shaba kuzunguka ulimi, taratibu, kama mtu ananinyunyizia unga wa ugali. Hewa ya ziwa hiyo, inakuja kutazama.

Nikapiga kelele: "Zima! Zima swichi!"

Lakini jaribuni kusema "zima" ulimi ukiwa nje na umeshikwa. Jaribuni sasa hivi, mtu asiwaone. Kinachotoka ni "hima."

"Hima! Hima!"

"Anasema hima!" rafiki akatangaza, na kweli kila mtu akafanya hima. Kijana mmoja akatoka mbio hadi barabarani, sijui alikuwa anakwenda wapi, mpaka leo hajaniambia. Mwenzake akaja na fagio. Mama wa chai akaanza kuomba. Rafiki naye hima yake ilikuwa kutafuta upande wenye mwanga mzuri wa kunipiga video. Nikazidi kupaza, "Hima hwichi!", nao wakazidi kukimbia. Duka la futi 10 kwa 12, watu wanne wanapishana, na mimi katikati nimeshikilia mkonga wa tembo kwa mikono miwili kama mpiga tarumbeta.

Mzee peke yake hakukimbia. Alinyoosha mguu, akazima swichi ya ekstensheni kwa kidole gumba. Kisha akaniinamia.

"Usivute. Ukivuta, ngozi itabaki hapa."

Nikatikisa kichwa kukubali. Shaba ikatikisika pamoja nami.

"Mama, kuna chai ya vuguvugu? Si ya moto."

Ilikuwepo, ile iliyobaki kwenye vikombe alivyokuja kuvidai. Mzee akaimimina kidogokidogo, ya maziwa, yenye tangawizi, ikipita kwenye ulimi, kidevuni, ndani ya shati, hadi kwenye kibodi ya mteja mwingine ambaye hata hayumo kwenye hadithi hii. Ukingo wa kushoto ukaachia kwanza. Kisha wa kulia. Katikati paligoma. Nikalia chozi moja, la upande mmoja, na mnalijua kwa sababu rafiki amelizungushia duara jekundu. Halafu ikaachia, "pwa", na kijana wa fagio akapiga makofi.

Yaliyobaki ni mafupi. Kliniki, daktari kuuliza chanzo mara mbili, maji ya chumvi, uji uliopoa, samaki wa kukaanga kwa macho tu.

Nilipokuwa nimekaa kwenye kreti nimeshika mdomo, mzee alifuata waya wa kupima joto kwa kidole, kutoka kwenye kile kioo, hadi akafika mwisho wake. Ulikuwa umechomoka kwenye tundu lake la shaba na kulala nyuma ya sponji, nje, hewani.

"Ulikuwa unapima duka lako," akasema. Akausukuma ndani, akarudisha sponji, akaikalisha shaba kwenye prosesa, akangoja dakika chache ili kompresa ipumue, akawasha. 27. 11. Hasi 4. Hasi 19. Ilipofika hasi 33, kompyuta ikawaka yenyewe. Akachukua shilingi 500 za nauli na za usumbufu wa kuja. Ya chai akasema niongee na mama.

Jana kijana alikuja kuchukua chombo chake. Akakizunguka, akaridhika, akauliza kama kimejaribiwa.

Kabla sijapata namna ya kutamka, rafiki akajibu kutoka mlangoni:

"Kimeonjwa."