Soda Tatu Tu

Kwa kuwa mwalimu wa kemia ameshairusha klipu yangu ya siku ya wazazi kwenye magrupu mpaka imewafikia mashemeji zangu, acha niseme mwenyewe. Na si kweli kwamba nililia. Ule ni mwanga wa projekta.

Siku ya wazazi, maabara ya kompyuta. Kidato cha Pili mbele, wageni nyuma. Nikaja na programu ya kantini, mistari mitatu ya Python, lugha ya kuandikia programu:

idadi = input("Soda ngapi? ")
bei = 700
print("Jumla:", idadi * bei)

Mnaojua mshaanza kucheka. Tulieni, wenzenu wafike.

Nilikuwa nimekuza herufi ili hata babu wa dirishani aone. Nikaandika 3, nikabonyeza Enter, nikawageukia wageni na tabasamu la kusubiri makofi. "Na jibu, wazazi wetu, ni..." Kimya. Macho yote yanapanda ukutani, nyuma yangu. Mwenyekiti wa bodi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndipo nikageuka. 33333333, mstari juu ya mstari, ukuta mzima tatu tupu.

"Mwalimu," mwenyekiti akauliza taratibu, "hiyo soda ina nini ndani?"

Sababu ni hii: input, amri ya kupokea unachoandika, hurudisha maandishi siku zote, hata ukiandika namba. Na maandishi ukiyazidisha kwa 700, Python haigomi, inayarudia mara 700. Ningekuwa najumlisha, ingenitupia TypeError, kosa la kuchanganya maandishi na namba, palepale, nami ningesingizia umeme. Kuzidisha ndiko kulikoniponza. Hilo somo nililifundisha mwenyewe, tena kwa ukali. Binti wa dawati la mbele akaninong'oneza kwa sauti iliyofika jikoni: "Mwalimu, hujaweka int."

Nikaiweka, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba: idadi = int(input("Soda ngapi? ")). Ikatoka 2100, hakuna aliyejali. Nikamkaribisha mama mmoja ajaribu. Akaandika "3 tu". Maandishi mekundu yakamwagika, ValueError, kwa sababu int inajua 3 lakini "tu" haiijui. Mama wa watu akaniomba radhi kwa kuharibu kompyuta ya shule. Mkuu wa shule akatangaza chakula, wakati wali haujaiva.

Siku hizi nikiagiza chapati mbili kantini, dada anauliza: mbili za int, au mbili za kawaida?