Zahanati na mazoezi: ushauri usio na dozi

Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha makadirio ya nchi 168 kuhusu watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha. Kuwait iliongoza kwa asilimia 67. Tanzania ilikuwa mkiani pamoja na nchi kama Uganda na Msumbiji, ikiwa na asilimia 6.5 tu, na kwa mara moja kushika mkia likawa jambo la kujivunia. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba wauguzi wa zahanati wahimize mazoezi, ana haki ya kuuliza: wamhimize nani? Mama lishe aliyeamka saa kumi alfajiri kuteka maji na kubeba masufuria? Machinga anayezunguka juani kutwa nzima na mzigo begani? Mkulima wa jembe la mkono ukimwambia afanye mazoezi, atadhani unamtania.

Hoja hiyo nzito, lakini iko takwimu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya waliopimwa, na shinikizo la juu la damu kwa takriban robo yao. Takwimu hizi hazigombani. Ya kwanza inahesabu jembe, kuni, ndoo na safari ya miguu kwenda shambani. Kijiji ndicho kinachoibeba nchi. Mwenye duka anayekaa kwenye stuli mpaka saa nne usiku, dereva wa daladala, karani wa halmashauri, mama aliyehamia mjini akapata bomba uani: hawa wote wamefichwa na wastani wa mkulima. Hao ndio unaowakuta kwenye benchi siku ya kliniki ya presha na sukari.

Wanaotaka zahanati ibebe jukumu hili wana ushahidi. Uchambuzi wa majaribio ya huduma za msingi, uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2012, ulionyesha kwamba wakishauriwa watu 12 wasiofanya mazoezi, mmoja zaidi atakuwa amefikia kiwango kinachopendekezwa baada ya mwaka. Mmoja kati ya 12 anaonekana kidogo, lakini gharama yake ni mazungumzo tu. Tena zahanati ndiyo mlango wa afya ulio karibu na watu kuliko hospitali yoyote, na Tanzania haianzi sifuri: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafanya watu wachimbe vyoo kijiji hadi kijiji.

Ila majaribio hayo mengi yalifanyika kwenye nchi tajiri, ambako daktari ana miadi na mgonjwa ana njia ya kupita kwa miguu. Kwetu muuguzi yuleyule ana wajawazito, chanjo, malaria na vidonda vya kufunga. Matokeo yake ni hiki kinachotokea kila wiki. Mgonjwa anaitwa, anakunja mkono wa gauni, mashine inabana na kuachia. Muuguzi anaandika 160 kwa 95 kwenye daftari, anasema, "Punguza chumvi, mama, na ufanye mazoezi," kisha anaita anayefuata. Vidonge vya mama huyo vimeandikwa kimoja mara moja kwa siku. Mazoezi hayana dozi. Dakika ngapi? Saa ngapi? Apite wapi? Kliniki ijayo hakuna atakayemuuliza alitembea au hakutembea.

Sweden waliliona hilo. Kule mhudumu wa afya anaweza kuandika mazoezi kama anavyoandika dawa: aina, muda, mara ngapi kwa wiki, na siku ya kurudi kutoa taarifa. Uingereza nao wamejifunza kubana. Mwongozo wa mwaka 2014 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya huduma za afya, ulisema fedha za umma zisitumike kuwapeleka kwenye programu za mazoezi watu ambao tatizo lao pekee ni kutojishughulisha. Wapelekwe wenye ugonjwa au hatari nyingine ya kiafya.

Hapo ndipo ninaposimama. Zahanati isijaribu kulikimbiza taifa zima. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa iliyotenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi. Nia ilikuwa njema, lakini siku za namna hiyo huwavuta zaidi wale ambao tayari wana traki suti kabatini. Zahanati ianze na walio kwenye daftari lake: wenye presha, wenye sukari. Dozi iwe kutembea nusu saa siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mwenye sukari aangaliwe miguu kwanza, maana matembezi ya kandambili kwa mguu uliokufa ganzi yanaweza kuishia kwenye kidonda kisichopona. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya kuanza. Ufuatiliaji wapewe wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wao wanaujua mlango wa kila mgonjwa na uchochoro unaopitika saa kumi na mbili asubuhi.

Barabara ni kesi ya wengine. Muuguzi hawezi kuondoa bodaboda kwenye njia ya waenda kwa miguu wala kufunika mtaro, na mwanamke anayeogopa kukabwa alfajiri hatatembea hata aandikiwe na profesa. Hilo waulizwe halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili mbili kwa mwezi, na watu hupimwa presha na sukari bure papo hapo.

Kwa upande wa zahanati, hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa. Vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, vina safu za chanjo, za malaria, za uzazi. Kisichoandikwa humo hakiingii kwenye ripoti ya mwezi, na kisichoingia kwenye ripoti mganga mkuu wa wilaya hakiulizii. Iongezwe safu moja kwa wagonjwa wa presha na sukari: dakika alizotembea wiki iliyopita.