Dokta, niandikie na namna ya kuiacha

Vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, vya miligramu 2 nilivyopewa vilikuwa na mstari katikati. Ukivibana kwa kucha za vidole gumba viwili pale kwenye mstari, vinakatika. Mara nyingine kinamegeka vibaya, upande mmoja unakuwa mnene kuliko mwingine, na unga kidogo unabaki kwenye kisosi. Nimekaa jikoni usiku nikiuokota unga huo kwa ncha ya kidole na kuulamba, nikiogopa kupoteza hata chembe. Miezi minne kabla ya usiku huo hata Panadol nilikuwa nameza kwa kubembelezwa.

Ilianza na msiba. Tulimzika baba siku ya Jumamosi, na tangu hapo usingizi ukanikimbia. Siku ya tano mama mdogo akanishika mkono, "Mwanangu, hivi hatuendi mbali," tukaenda hospitali. Daktari alinisikiliza vizuri. Akaniandikia diazepamu, miligramu 5 asubuhi na 5 usiku, nipumzike kidogo. Usiku ule nililala kwa muda wa saa saba bila kugeuka. Asubuhi nikaweza kukaa na wafiwa wenzangu, nikala, nikamlilia baba yangu kama mtu mzima anavyolia. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki mtu asome makala hii akadhani napiga vita dawa. Dawa ilinishika nilipokuwa naanguka.

Kilichokosekana kwenye cheti ni siku ya mwisho. Hakuna aliyeniambia nimeze mpaka lini, wala nikitaka kuacha niache vipi. Vilipoisha nilikwenda duka la dawa la mtaani na boksi tupu mkononi, nikauziwa vingine bila swali. Vikaisha, nikarudi tena. Arobaini ya baba ikasomwa, ikapita, bado nameza. Wiki ya saba nikajiona mzima, nikasema sasa basi. Nikaacha siku hiyo hiyo, vyote viwili, cha asubuhi na cha usiku.

Siku tatu za mwanzo mambo yalikuwa shwari. Siku ya nne, nikimimina chai, mkono ukaanza kutetemeka mpaka chai ikamwagikia kitambaa cha meza. Mlio wa kijiko kugonga kikombe ulinichoma masikioni kama msumari. Mwanga wa dirishani ulikuwa mkali kupita kiasi, jasho linanitoka nikiwa nimekaa tu, moyo unapiga kana kwamba nafukuzwa. Usiku sikupata hata lepe la usingizi. Mama mdogo akasema msiba umenirudia upya. Jirani akashauri nitafutiwe mtu wa kunisomea. Na mimi mwenyewe, ndani kabisa, niliamini akili zinanitoka.

Aliyeniokoa ni dada mmoja mfamasia. Wote walikuwa wananiuliza hali hii imenianza lini. Yeye aliuliza, "Dada, dawa uliacha lini?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu ndani yake mna elimu yote ambayo nilipaswa kupewa wiki saba kabla. Diazepamu iko kwenye kundi la benzodiazepini. Kundi hili huipa nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza. Ubongo ukiletewa utulivu kutoka nje kila siku, nao unapunguza usikivu wake kwa utulivu wake wenyewe. Ukiiondoa dawa ghafla, kinachobaki ni mwili usio na breki. Hali hii ya mwili kuzoea inaweza kujijenga ndani ya wiki chache tu, na kwa kipimo kile kile alichoandika daktari, bila mtu kuzidisha hata kidonge kimoja.

Halafu kuna ule mtego wa siku za mwanzo. Diazepamu hutoka mwilini taratibu sana. Inachukua kati ya saa 20 na 50 kupungua kwa nusu, na zao lake ambalo mwili unalitengeneza linaweza kuchukua hadi saa 100. Kwa hiyo mtu anaacha, siku mbili tatu anajisikia vizuri, anajipongeza. Kishindo kinapokuja, hakumbuki tena kukihusisha na kidonge alichoacha Jumapili. Anasema ugonjwa umerudi. Familia nayo inasema hivyo hivyo, na zahanati ikiulizwa haraka haraka itasema hivyo hivyo, kisha ataongezewa dawa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya si mapya. Valium, ambayo ndiyo diazepamu kwa jina la biashara, iliingia sokoni mwaka 1963, ikitanguliwa na ndugu yake Librium mwaka 1960. Mwaka 1961 tayari madaktari wa Marekani walikuwa wameandika habari za wagonjwa 11 waliokuwa wakitumia Librium kwa dozi kubwa mno, miligramu 300 hadi 600 kwa siku, kisha wakabadilishiwa ghafla kidonge kisicho na dawa ndani. Kumi kati yao walipata dalili mpya, wawili wakapata degedege. Uingereza ilitoa ushauri mwaka 1988 kwamba dawa za kundi hili zisizidi wiki mbili hadi nne. Na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza onyo lake zito kabisa, lile linalozungushiwa kisanduku kwenye karatasi ya maelezo ya dawa, litaje wazi hatari ya mwili kuzoea na ya kuacha ghafla. Elimu ipo. Kwangu haikufika.

Ndiyo maana nashikilia neno moja: anayeandika dawa ya namna hii aandike na namna ya kuiacha, siku hiyo hiyo, kwenye cheti hicho hicho. Tarehe ya kurudi na hatua za kushuka zisisubiri mgonjwa aanze kutetemeka. Dereva wa lori anayeshuka mlima Kitonga huingiza gia ndogo kabla hajaanza kuteremka. Breki zikishaanza kutoa moshi, gia ndogo haiingii tena.

Nimewahi kuambiwa na mtu wa afya ninayemheshimu kwamba mgonjwa akielezwa habari za kuacha kabla hajaanza, ataogopa na hatameza kabisa. Naielewa hofu hiyo. Lakini mbona mama mjamzito anaelezwa habari za kujifungua tangu kliniki ya kwanza? Mimi ningeelezwa, ningemeza vile vile, maana nilikuwa sijalala siku tano. Tofauti ni kwamba ningekuwa na ramani.

Kuna neno limekaa katikati ya jambo hili na linatuumiza: arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea. Mtaani arosto ni ya mateja. Mtu aliyepewa dawa ya usingizi hospitalini, anayetetemeka kwa sababu ameacha, akilisikia neno hilo anafunga mdomo. Hamwambii mume, hamwambii mchungaji wala imamu, hamwambii hata daktari. Mimi nilimficha kaka yangu wiki nzima. Ni lazima tutenganishe mambo mawili hapa. Uraibu ni kuitafuta dawa na kuendelea nayo japo inakubomolea maisha. Mwili kuzoea ni jambo la kemia, linampata bibi wa miaka sabini aliyekuwa akimeza kidonge kimoja kila usiku kwa uaminifu. Kumwita teja ni dhuluma. (Na hao mateja nao ni watoto wa watu, ila hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Nilirudi kwa daktari yule yule. Shikamoo dokta, marahaba, nikamweleza. Nashukuru kwamba hakubisha. Akanirudisha kwenye miligramu 10, na ndani ya siku mbili mikono ikatulia, jambo ambalo peke yake lilikuwa jibu. Kisha akaniandikia ngazi: 8, 6, 5, 4, 3, 2, 1, kila hatua wiki moja, na wiki ikiwa mbaya nisimame pale pale bila kurudi juu. Hatua ya 3 nilikaa wiki mbili. Hiyo ni ngazi yangu, mtu aliyetumia wiki saba. Aliyetumia siku nne baada ya upasuaji huenda haihitaji kabisa, na aliyetumia miaka kumi atahitaji miezi mingi. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi kule Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994, alisisitiza kwamba mwendo upangwe kwa kumwangalia mgonjwa mwenyewe. Lakini kuacha ghafla baada ya kuzoea, hapana. Degedege linaweza kuua.

Dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, zina njia yake. Hazimfanyi mtu azitamani, lakini nazo mwili unazizoea. Mtu anayeziacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, na ile hali ya ajabu ya kuhisi shoti ya umeme ikipita kichwani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Lancet Psychiatry ulikadiria kuwa dalili zinazotokana hasa na kuacha dawa humpata takriban mtu mmoja kati ya sita au saba, na zilizo kali mmoja kati ya 35. Wengi hupita salama. Lakini yule mmoja wa 35 ana haki ya kujua. Dalili zikija siku chache baada ya kupunguza, zikiwa ngeni kabisa kwako, na zikitulia ukirudi kwenye dozi ya awali, kuna uwezekano mkubwa ni kuacha kwenyewe. Ugonjwa unaorudi mara nyingi huja polepole, kwa sura ile uliyoizoea.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kushuka kwa mafungu yaliyo sawa si kushuka sawa. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor walionyesha kwamba, kwa citalopramu, mojawapo ya dawa hizo za sonona, miligramu 20 hushika takriban asilimia 80 ya milango inayohusika ubongoni, na miligramu 40 huongeza kidogo tu juu ya hapo. Kwa hiyo kutoka 40 kwenda 20 mtu anaweza asihisi kitu, kisha kutoka dozi ndogo kwenda sifuri akaanguka vibaya. Hatua za mwisho ndizo zinazotakiwa kuwa ndogo kuliko zote. Ule mtindo wa kumeza siku moja na kuruka siku moja unavumilika kwa dawa nyingine ya sonona, fluoksetini, kwa sababu inakaa mwilini kwa siku nyingi. Kwa mwenzake paroksetini, inayotoka haraka, ni kumpandisha mtu na kumshusha kila baada ya siku mbili.

Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Mwanza. Ameandikiwa vidonge vya usingizi, yuko nje ya chumba cha daktari, ameshika cheti. Nikamwomba arudi ndani. "Nikamwambie nini?" Mwambie, dokta, hivi nameza mpaka lini, na nikiacha naacha vipi?

Baadaye akanitumia picha ya cheti. Chini ya jina la dawa palikuwa na mistari miwili mipya kwa kalamu ya bluu: kimoja usiku kwa siku kumi, nusu usiku kwa siku nne, kisha acha. Pembeni, tarehe ya kurudi, imezungushiwa duara.